Megapikseli 12 Zinatosha

Swali la "Ina megapikseli ngapi?" limeota mizizi kila kona ya biashara ya kamera na simu, Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli ya Nairobi, kwenye vibanda vya simu na kwenye makundi ya WhatsApp ya wapiga picha wa harusi. Mara nyingi muuzaji hulijibu kabla mteja hajafungua mdomo. "Kaka, hii ni mia na nane. Hiyo uliyoshika ni kumi na mbili tu." Baada ya hapo hakuna mjadala. Mnunuzi ameshaamini kwamba moja ni kamera na nyingine ni mzigo, na kilichobaki ni kuhesabu hela.

Napinga. Swali hilo limewapotezea watu wetu fedha nyingi na linaendelea kuwapotezea, wakati jibu lake ni fupi. Megapikseli 12 zinamtosha karibu kila anayenunua kamera au simu leo. Megapikseli 24 zinamtosha karibu kila anayekula kwa kazi ya kamera. Wapo wachache wenye kazi zinazodai zaidi ya hapo, nitawataja, na hao wanajua wanachokitafuta. Wengine wote wanalipia namba.

Nianze na namba yenyewe, maana ujanja umejificha kwenye hesabu. Megapikseli moja ni pikseli milioni moja, na pikseli ni nukta moja ya picha. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha yenye nukta 6,000 kwa upana na 4,000 kwa kimo. Kamera ya megapikseli 6 hutoa picha ya 3,000 kwa 2,000. Namba ya kwenye kasha imekuwa mara nne. Upana wa picha umekuwa mara mbili tu. Anayetoka 12 kwenda 24 anadhani amepata picha yenye undani mara mbili, kumbe kilichoongezeka kila upande ni asilimia 41. Anayetoka 20 kwenda 24, akauza kamera nzima na kuongeza hela juu yake, ameongeza asilimia isiyofika 10. Safisha picha mbili za A4 kutoka kwenye kamera hizo mbili, ziweke mezani, waite watu kumi wakuambie ipi ni ipi. Watabahatisha.

Lakini hesabu pekee haimalizi ubishi. La msingi ni kujua picha zetu huishia wapi, kwa sababu huko zinakokwenda ndiko kunakoamua zinahitaji nukta ngapi.

Picha nyingi zinazopigwa leo hazitoki kwenye simu isipokuwa kwenda kwenye simu nyingine. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu huipunguza mpaka upande wake mrefu unabaki na pikseli kama 1,600. Hizo hazifiki megapikseli 2. Instagram huonyesha picha kwa upana wa pikseli 1,080, na picha ya wima ya 1,080 kwa 1,350 ni megapikseli moja na nusu. Televisheni ya Full HD ina pikseli 1,920 kwa 1,080, yaani megapikseli 2 na ushee. Ya 4K ina 8.3. Kwa hiyo mzazi aliyenunua simu ya 108 akampiga mwanawe siku ya mahafali na kuituma kwenye kundi la familia, shangazi aliyeko Muscat ameletewa picha ya chini ya megapikseli 2, sawasawa na ile ambayo angeletewa na simu ya 8.

Mpiga picha wa biashara ataniambia hayo ni ya simu, yeye husafisha picha. Vema, twende studio. Kipimo kinachotumika kwa picha safi ya kushikwa mkononi ni nukta 300 kwa inchi. Kwa kipimo hicho picha ya inchi 4 kwa 6, ile inayojaza albamu za nyumbani, inataka megapikseli 2.2. Ya inchi 5 kwa 7 inataka 3.2. Ya inchi 8 kwa 10, inayotiwa fremu na kutundikwa sebuleni, inataka 7.2. Ukurasa mzima wa A4, uwe jalada la jarida au kalenda ya ofisi, unataka 8.7. Kamera ya megapikseli 12 inazimudu zote hizo na bado inabakiza akiba. Wa kwanza kuizidi ni ukurasa wa albamu kubwa ya harusi, inchi 12 kwa 18, unaodai 19.4, na hapo ndipo 24 inapopata kazi yake halali. Hata hivyo hakuna mama wa bibi harusi anayeifungua albamu ya ukubwa huo akaisogeza puani. Huilaza mapajani au mezani, na kwa umbali huo nukta 200 kwa inchi zinaridhisha jicho: megapikseli 8.6.

Umbali ndio ambao wauzaji hawautaji kamwe. Jicho zima lina kikomo chake. Haliwezi kutenganisha nukta mbili zikikaribiana chini ya dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Ukiwa mita 3 kutoka kwenye kitu, kikomo hicho ni karibu milimita 0.9. Televisheni ya inchi 65 ina upana wa kama mita 1.44, na ikiwa ni Full HD kila nukta yake ina upana wa milimita 0.75. Aliyekaa kwenye kochi mita 3 mbele yake ameshafika mwisho wa uwezo wa macho yake. Chukua sasa bango la barabarani lenye upana wa mita 12, linalotazamwa na abiria wa daladala aliye mita 30 kutoka lilipo. Kwa umbali huo jicho halitofautishi kitu kidogo kuliko milimita 8 au 9. Bango zima, kutoka ukingo hadi ukingo, limetoshelezwa na pikseli zisizofika 1,400. Ndiyo maana hoja ya "nahitaji megapikseli nyingi kwa sababu nitachapisha mabango" ni hoja iliyopinduka miguu juu: bango ndilo linalohitaji kidogo. Mwaka 2015 Apple walitundika kwenye miji mbalimbali duniani mabango makubwa ya picha zilizopigwa kwa iPhone 6. Kamera ya simu hiyo ilikuwa na megapikseli 8.

Tuje kwenye hiyo simu ya 108. Samsung waliitoa Galaxy S20 Ultra mwaka 2020 ikiwa na kihisi cha megapikseli 108, na mwaka 2023 wakaja na Galaxy S23 Ultra yenye 200. Mwenye simu hizo akipiga picha bila kugusa mipangilio, hapati picha ya 108 wala ya 200. Anapata picha ya 12. Simu huchukua pikseli tisa za jirani, au kumi na sita katika ile ya 200, inaziunganisha na kuzifanya pikseli moja. Mhandisi aliyeijenga ameamua hivyo, kwa sababu nzuri. Pikseli za kihisi kile cha 108 zina upana wa mikroni 0.8, na rangi ya kijani katika mwanga ina mawimbi yenye urefu wa kama mikroni 0.55. Mwanga ukipita kwenye tundu la lenzi huwa hautui kama nukta kali. Hutawanyika na kuwa doa. Kwa lenzi ya f/1.8 iliyotengenezwa bila kasoro yoyote, kitu kisichokuwepo duniani, doa hilo lina upana wa mikroni 2.4. Doa moja dogo kabisa ambalo lenzi hiyo inaweza kulichora linafunika pikseli tatu kwa upana. Unaweza kugawa kihisi kile vipande milioni 200 au milioni 400 ukitaka. Lenzi haina undani wa kuvipa.

Haimaanishi kwamba vihisi hivyo ni vibovu. Kuunganisha pikseli kuna manufaa yake, hasa pale simu inapokusanya mwanga na kivuli kwa mipigo tofauti kwa wakati mmoja, na kihisi kile cha Samsung kilikuwa kikubwa kuliko vya simu nyingi za wakati wake. Ubora umetoka kwenye ukubwa huo na kwenye programu. Kilichoandikwa kwenye kasha, na kilichomtoa mnunuzi hela, ni ile 108. Apple walikaa na megapikseli 12 kwenye kamera kuu ya iPhone tangu 6s ya mwaka 2015 hadi walipoleta 48 kwenye 14 Pro mwaka 2022. Simu za Pixel za Google, tangu Pixel 2 ya 2017 hadi Pixel 5 ya 2020, zilibaki na 12.2. Katika miaka hiyo yote simu hizo zilitajwa kati ya zenye kamera bora duniani, na kila toleo lililishinda lililotangulia bila namba kuongezeka. Kwenye vibanda vyetu, wakati huohuo, zilikuwa zikidharauliwa mbele ya simu za bei ya chini zilizoandikwa 48 na 64. Na ziko kamera ndogo za kuchezea ambazo 48 ya kasha haimo kabisa kwenye kihisi chake. Programu hukisia nukta zisizokuwepo na kuzijaza. Huo ni ulaghai, na unafanikiwa kwa sababu sisi wanunuzi tumekubali kuuliza swali moja tu.

Watengenezaji wenyewe wanaujua ukweli huu, na matendo yao yanaonyesha. Mwaka 2008 Canon walitoa kamera ndogo ya PowerShot G10 yenye megapikseli 14.7. Mwaka uliofuata wakatoa G11, iliyoifuata kwa ukoo, na wakaipunguza hadi 10. Kampuni iliyokuwa ikiuza kamera kwa namba ilirudi nyuma hadharani, kwa sababu picha za mwanga hafifu zilikuwa zinalalamikiwa. Mwaka 2007 Nikon walitoa D3, kamera ghali kuliko zote walizokuwa nazo, kwa wapiga picha wa habari na michezo: megapikseli 12.1. Mwaka 2020 Sony walitoa A7S III kwa wanaorekodi usiku: 12.1. Na Julai 2024 Canon walizindua kamera mbili siku moja. R5 Mark II ina megapikseli 45 na iliuzwa Marekani kwa dola 4,299. R1, ambayo ndiyo kubwa ya nyumba yao, ina 24.2 na iliuzwa kwa dola 6,299. Dola 2,000 zaidi kwa karibu nusu ya megapikseli. Anayeamini kwamba namba hiyo ndiyo ubora anieleze wapiga picha wanaokaa kando ya viwanja vya Olimpiki wanalipia nini. Wanalipia kasi, uhakika wa fokasi, uimara, na picha isiyo na chenga chini ya taa za uwanjani usiku.

Hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa pili ni ya kukata picha, na sitaipita kwa haraka. Wanasema: ukiwa na megapikseli nyingi unaweza kupiga kwa mbali kisha ukakata baadaye, ukabaki na sura unayoitaka. Ni kweli. Kamera ya 48 ukikata nusu ya upana na nusu ya kimo unabaki na 12, na kama hesabu zangu za juu ni sahihi hizo 12 zinatosha. Ni kama lenzi yako ya milimita 50 imegeuka ya 100 bila kulipa. Siwezi kudai kuwa hoja hiyo ni ya uongo.

Ila itazame vizuri. Ukikata, umekata pikseli, na pamoja nazo umekata mwanga. Robo ya kihisi iliyobaki ilikusanya robo ya mwanga, na chenga zilizokuwa hazionekani kwenye picha nzima zinajitokeza. Kasoro ndogo ya fokasi nayo imekuzwa mara mbili. Mtikisiko wa mkono umekuzwa mara mbili. Lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera, ambayo ilijitahidi ikatoa picha ya kupendeza kwa ujumla, sasa inaonyesha kila udhaifu wake. Kukata kunadai lenzi nzuri, mkono uliotulia na mwanga wa kutosha, na mwenye vitu hivyo vitatu mara nyingi angesogea hatua tano mbele akapata picha kamili. Nimeona vijana wenye vipaji wakisimama nyuma ya ukumbi wakipiga kila kitu kwa upana, wakijipa moyo kwamba watakata nyumbani. Picha zao zote zina sura moja, kwa sababu kusogea hubadilisha mandhari ya nyuma, uhusiano wa watu, na hata uso wa anayepigwa, ambaye anajua kwamba mtu yuko mbele yake. Kukata hakubadilishi chochote kati ya hivyo. Anayepiga heroe kutoka ukingoni mwa Ziwa Natron, kwenye tope la magadi lisilokanyagika, ana haki ya kuniambia kwamba hawezi kusogea. Kameramani wa sherehe za Sinza hana haki hiyo.

Hapa nitofautiane na baadhi ya wenzangu wa upande huu. Wapo wanaodai kwamba megapikseli nyingi huharibu picha za usiku kwa kuwa kila pikseli inakuwa ndogo. Kwa vihisi vya ukubwa mmoja na vya kizazi kimoja, dai hilo limetiwa chumvi. Ukiipunguza picha ya 45 hadi ukubwa wa picha ya 24, chenga zake hukaribia kulingana, maana mwanga ulioingia kwenye kihisi chote ni uleule. Kinachokusanya mwanga ni eneo la kihisi na tundu la lenzi. Kihisi kamili cha milimita 36 kwa 24 kina eneo la milimita za mraba 864; cha kamera za kawaida za kuanzia kina kama 370; cha kamera nyingi ndogo za mfukoni hakifiki 30. Hizo ndizo tofauti za kuulizia dukani. Pikseli nyingi haziibi mwanga. Kosa lake ni kwamba haziongezi hata chembe, huku zikilipiwa kana kwamba zinaongeza.

Na mwanga ndio kazi yetu hasa. Fikiria ukumbi saa tatu usiku. MC ameshaamuru watu wasimame, taa kubwa zimezimwa, zimebaki taa za rangi zinazozunguka, zambarau kwenda bluu. Bibi harusi anaingia kwa mwendo wa muziki, shela jeupe, ngozi nyeusi, nyuma yake giza. Mpiga picha mwenye lenzi ya 18-55 ameivuta hadi mwisho, na mwisho wake ni f/5.6. Ameshapandisha ISO mpaka alipoogopa, na bado shata inataka sehemu ya 15 ya sekunde. Bibi harusi akikatiza mbele yake kwa nusu mita tu kwa sekunde, katika sehemu hiyo ya 15 amesogea sentimita 3.3. Kwa kamera ya 24 iliyoshikwa wima na kumchukua mzima katika kimo cha mita 2, msogeo huo ni mstari wa pikseli 100. Kope zake hazipo tena. Mpe kijana huyohuyo kamera ya megapikseli 45 na lenzi ileile, na uso uleule utachorwa kwa ukungu wa pikseli zaidi ya 130. Mpe badala yake lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo kwa kampuni nyingi kubwa ni kati ya lenzi za bei ndogo kuliko zote. Sasa mwanga unaoingia ni karibu mara kumi. Shata inapanda hadi zaidi ya sehemu ya 125, mguu unaganda hewani, macho yanaonekana. Au mpe flashi aielekeze kwenye dari jeupe, mwanga urudi chini laini, shela na uso vyote vibaki na undani wake. Hiyo ndiyo kazi ambayo mteja atailipia na kuisimulia kwa ndugu zake, na megapikseli hazikuchangia kitu.

Fedha inaishia wapi? Kijana anakopa kwenye kikundi, ananunua bodi ya megapikseli 45 kwa kuwa amesikia wenzake wanayo, anabaki na lenzi ya kasha kwa sababu hela imekwisha. Halafu namba inaanza kumla taratibu. Harusi moja ya siku nzima inaweza kumpa picha 3,000. Faili ghafi ya megapikseli 24 ina kama megabaiti 25, hivyo kazi nzima ni gigabaiti 75. Kwa kamera ya 45, faili ya megabaiti 50 inamfikisha 150. Kwa kamera ya 61, faili isiyobanwa ina megabaiti kama 120, na jumla inafika gigabaiti 360. Zidisha mara mbili, maana mwenye akili hahifadhi harusi ya mtu kwenye diski moja. Kompyuta iliyokuwa ikifungua picha kwa kupepesa jicho sasa inagugumia. Memori kadi za zamani hazitoshi, na pengine haziendani na kasi. Akitaka kumtumia mteja aliyeko London faili zake, bando linakwisha kabla kazi haijafika nusu. Picha iliyopaswa kukabidhiwa ndani ya wiki inakabidhiwa baada ya mwezi, na jina linaharibika kwa ucheleweshaji ambao mteja hatajua umetokana na nini.

Naambiwa pia kwamba wateja ndio wanaouliza. "Kamera yenu ni megapikseli ngapi?" Basi na wajibiwe. Fundi cherehani haulizwi sindano yake ina namba gani. Huulizwa aonyeshe nguo alizoshona. Mfungulie mteja albamu iliyosafishwa, si kioo cha simu, umwonyeshe picha za usiku, za ndani, za watu wazima wenye miwani inayoakisi taa. Kama albamu hiyo haimshawishi, hakuna namba itakayomshawishi, na kama inamshawishi, swali lake limekwisha.

Hoja nyingine ni ya kesho: skrini za 8K zinakuja, tujiandae. Skrini ya 8K ina megapikseli 33, hilo ni kweli. Lakini jicho la binadamu haliji na toleo jipya, na nimeshaonyesha kwamba kwenye kochi la mita 3 limeshashindwa na Full HD. Wapiga picha wa sinema, wanaoonyesha kazi zao kwenye ukuta wa ukumbi mzima, hawana hofu hiyo. Roger Deakins aliipiga filamu ya Skyfall ya mwaka 2012 kwa kamera za ARRI Alexa ambazo picha yake ina upana wa pikseli 2,880 tu, na watu waliitazama hadi kwenye skrini za IMAX. Chombo cha Curiosity kilichotua Mirihi mwaka huohuo kina kamera kuu mbili za rangi juu ya mlingoti wake, kila moja ikiwa na pikseli 1,600 kwa 1,200. Wanasayansi wakitaka mandhari kubwa, huunganisha fremu nyingi kuwa moja. Yeyote anayetaka picha kubwa ya Kilimanjaro alfajiri anaweza kufanya hivyohivyo kwa kamera ya 12 na stendi ya miguu mitatu, kwa kuwa mlima hausogei.

Na kama tunazungumzia picha zinazodumu, Oktoba 1984 mpiga picha mzaliwa wa Nairobi, Mohamed Amin, aliingia Korem nchini Ethiopia akarekodi njaa iliyokuwa ikiua watu huko. Taarifa aliyoifanya na mwandishi Michael Buerk ilirushwa na BBC tarehe 23 mwezi huo. Televisheni ya Uingereza ya wakati ule ilikuwa na mistari 625, na inayoonekana ni 576. Ukiigeuza fremu hiyo kuwa pikseli unapata kama 0.4 ya megapikseli. Dunia ililia, misaada ikamiminika, na mwaka uliofuata likafanyika tamasha la Live Aid. Mtu asinieleze kwamba kazi yake haina nguvu kwa sababu kamera ina 20 na ya jirani ina 33.

Niliahidi kuwataja wenye haja ya kweli. Anayenakili miswada ya kale kwa ajili ya kumbukumbu, ambako nukta moja juu ya herufi ya Kiarabu hubadilisha neno, anunue 45 au 61 na asisite. Anayepiga vitambaa na vito kwa matangazo ya karibu, anayechora ramani kwa droni, anayepiga ndege wa porini, anayeuza picha za sanaa za mita moja na nusu ambazo mtazamaji huzikaribia hadi hatua moja: hao pia. Wote hao wana lenzi zinazoendana na kihisi, na wengi wao wameanza na lenzi.

Aliyebaki, afanye hivi. Kama ni simu, muulize muuzaji kihisi kina ukubwa gani, tundu la lenzi ni f ngapi, na kama kuna kizuia mtikisiko. Asipojua, mwambie atafute. Kama ni kamera, tazama pia zilizotumika: Canon 5D Mark II ya mwaka 2008 ina 21.1, Nikon D750 ya mwaka 2014 ina 24.3, zote zina kihisi kamili, na shata isiyochoka ndiyo ya kukagua kabla ya mwaka wa kutengenezwa. Nenda dukani na memori kadi yako. Usipige picha mlangoni kwenye jua, huko kila kamera ni nzuri. Mwombe mhudumu asimame nyuma, kule kwenye rafu zenye giza, umpige kwa kamera zote mbili, ile ya namba kubwa na ile ya namba ndogo, kisha ukazisafishe kwa inchi 8 kwa 10. Tazama macho yake, tazama kivuli chini ya kidevu, tazama kama rangi ya ngozi yake ni ya kwake. Ukishindwa kuzitofautisha, chukua ya bei ndogo, na hela iliyobaki uipeleke kwenye lenzi siku hiyohiyo, kabla hujashuka ngazi za duka.